Jicho Lililotulia

6 Januari

Dada,

Shikamoo. Najua utasema, "Kasuku ameandika, basi ana shida." Kweli ninayo, ila safari hii ni shida ya furaha. Mwanangu amechumbiwa. Harusi ni mwezi wa tatu, na amesema wazi kwamba gauni likishonwa na mtu mwingine asiye shangazi yake, ataingia ukumbini na sare yake ya shule. Ningekupigia simu, lakini wewe husema kwenye simu nazungumza peke yangu.

Sasa nakuomba uje mwanzoni mwa Februari, ushone hapa hapa nyumbani, polepole, bibi harusi akiwa karibu. Najua katika barua yako iliyopita ulisema Februari una miadi ya sindano za macho. Lakini barua hiyo hiyo inasema daktari bingwa amekuambia jicho la kushoto limetulia. Dada, vijana wangu wa ghalani wakisema kitu kimetulia wanamaanisha hakina dosari. Shati limetulia, wimbo umetulia. Sasa na jicho limetulia, unarudi kwa daktari kutafuta nini? Wazee walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Hizo sindano utaziendea ukirudi.

Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu. Kumbe kusimamia ghala maana yake ni kusimama.

Mdogo wako,
Kasuku


15 Januari

Kasuku,

Marahaba. Nimecheka dukani mpaka mteja akadhani nakicheka kiuno chake. Mwambie bibi harusi asijipime mwenyewe. Watu wanaojipima hujipunja, halafu lawama hunirudia mimi. Nitampima kwa mkono wangu.

Kuhusu jicho, umesema kweli. Lililotulia limetulia. Nimewaambia kliniki nina safari ya kifamilia. Yule muuguzi akaniuliza nipangiwe siku gani nyingine, nikamwambia nitamjulisha. Sukari yangu iko sawa, na hapo pametosha; usiniulize zaidi wala usimwambie mkeo anipikie vya mgonjwa.

Nakuja na mkasi wangu. Mikasi ya nyumbani kwako ni ya kukatia maboksi.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Harusi imepita na watu bado wanalizungumzia gauni. Mama mkwe wa mwanangu aliligeuza ndani nje akitafuta kosa, akachoka, akaomba anwani yako.

Lakini mbona kimya? Uliondoka asubuhi ya pili yake kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Hata picha hukuzisubiri. Nimekuandikia mara mbili, hujanijibu.

Jana mwanangu kaniambia jambo ambalo sikulijua. Anasema zile siku za mwisho ulikuwa ukiondoa nyuzi nyeusi kwenye gauni jeupe. Unazibana kwa vidole, unazikung'uta, halafu unaanza tena. Yeye alitazama asione uzi wowote, akafikiri ni uchovu. Dada, zilikuwa nyuzi gani zile?

Kasuku


19 Aprili

Kasuku,

Usishtuke kwa mwandiko huu. Ni wa Kinyozi, jirani yangu wa mlango wa pili. Mimi nasema, yeye anaandika.

Nyuzi zilikuwa ndani ya jicho. Ilikuwa damu. Kisukari huotesha vijishipa vibovu nyuma ya jicho, navyo vikipasuka huvuja. Mimi nilidhani ni uzi. Nikaufuta ukahamia kwenye mkono wa gauni, nikaufuata kwenye mkono ukahamia ukutani. Hapo nikajua. Nikanyamaza, maana shanga za mabegani zilikuwa bado.

Nilipofika nyumbani jicho la kushoto likaingia wingu jekundu, halafu giza. Sasa kwa jicho hilo najua kama taa imewashwa au imezimwa, basi. La kulia linaona, ila mistari iliyonyooka imeanza kupinda. Juzi nimemkatia mtu suruali, mguu mmoja ukaenda sokoni, mwingine ukabaki nyumbani.

Kliniki wamepiga simu, sikupokea. Sijarudi kwa daktari bingwa. Yule mama alihangaika na mimi mwaka mzima. Nitamtazama kwa jicho gani?

(Mimi Kinyozi, samahani kuingilia. Aliposema hilo la jicho gani alicheka. Mimi sikucheka.)

Dada yako


27 Aprili

Dada,

Ni mimi. Ni mimi niliyekutoa jicho.

Nimeisoma barua yako nimesimama kati ya marobota, kijana mmoja akaniuliza, "Mkubwa, vipi, imetulia?" Nikatoka nje. Daktari aliyesoma miaka yote ile alikuambia kitu, na mimi, mtu wa kuhesabu magunia, nikakutafsiria kwa lugha ya vijana wangu, tena nikaongeza na methali juu yake. Nilikuwa nataka gauni. Ndiyo ukweli wenyewe. Nilitaka watu waone mwanangu amevaa nini, na nikatafuta neno la kukutoa kliniki nikalipata.

Picha za harusi zimeletwa kwenye albamu nzuri. Nimezifungia kabatini. Mwanangu akaniuliza sababu, nikamwambia. Alilia sana. Gauni amelikunja akalitia kwenye sanduku chini ya kitanda, na mumewe ameambiwa asiliulizie.

Nenda kwa daktari, Dada, nakupigia magoti. Jicho la kulia bado lipo. Nitakuandikia kila wiki mpaka uende. Usinisamehe sasa. Kwanza nenda.

Kasuku


22 Mei

Kasuku,

Barua zako zote nimesomewa. Ile ya paka aliyezaa ndani ya kiti cha meneja nimemwambia Kinyozi airudie, na wateja wake wakaisikia, mmoja akacheka hadi akakatwa sikio kidogo.

Usijilaumu sana. Ulisema ulichokijua. Mtu husema anachokijua.

Kwa daktari nitaenda, ila si wiki hii. Kuna sare za shule za kumaliza. Niambie zaidi habari za huko. Mgongo wako je? Mkeo bado anabishana na yule jirani kuhusu ua? Andika kwa urefu, usiogope kumchosha Kinyozi, hana nywele nyingi za kunyoa siku hizi.

Dada yako

(Mimi Kinyozi. Anadhani naandika anwani. Sare amempa fundi mwingine, nimeziona zikitoka. Anakaa dukani mlango wazi, cherehani imefunikwa. Jana alimimina chai pembeni ya kikombe, akaifuta kwa kitambaa cha mteja, akaniambia nisiseme. Nimesema.)


30 Mei

Kwa Daktari Bingwa wa Macho,

Samahani kwa kukuandikia bila kukujua. Mimi ni mdogo wake yule fundi cherehani ambaye hajafika kwako tangu miadi yake ya Februari. Nakuandikia kukiri kosa.

Wewe ulimwambia jicho limetulia. Yeye akaniandikia, mimi nikamjibu kwamba lililotulia halina haja ya daktari, aje anishonee mwanangu gauni la harusi. Akaja. Jicho la kushoto likavuja damu akiwa nyumbani kwangu, chini ya taa yangu. Sasa anaona haya kurudi kwako. Tafadhali, akija usimgombeze. Nigombeze mimi. Nitakuja hata kwa miguu.

Naomba pia unijibu jambo moja. Kama angekuja Februari, jicho lingekuwa zima leo? Nataka kujua ukubwa wa kosa langu.

Msimamizi wa ghala


8 Juni

Ndugu Msimamizi wa Ghala,

Nimeipata barua yako. Habari za mgonjwa wangu ni zake yeye kuzisema, kwa hiyo sitakueleza lolote kumhusu, hata yale ambayo tayari unayajua. Naweza kukueleza ninavyofanya kazi.

Ninaposema jicho limetulia, nina maana kwamba siku hiyo halivuji wala halijavimba zaidi. Ugonjwa bado upo na dawa inaendelea. Najua neno hilo huwadanganya watu, na nimewahi kujuta kulitumia. Ndiyo maana simwachi mgonjwa atoke chumbani mwangu mpaka anirudishie kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Akikosea, tunaanza upya. Nafanya hivyo kwa kila mtu, awe profesa au mkulima.

Kuhusu swali lako, daktari mkweli hawezi kulijibu. Macho mengine huvuja hata yakitunzwa. Ninalojua ni kwamba nina wagonjwa waliopoteza kuona kwa sababu ya aibu ya kurudi, na hao hunisikitisha kuliko wote. Yeyote anayerudi kwangu sitamuuliza alikuwa wapi. Nitamuuliza nini kilimzuia, kwa kuwa hilo naweza kulifanyia kazi.

Wako,
Daktari Bingwa wa Macho


15 Juni

Dada,

Shikamoo. Usinikasirikie, nimemwandikia daktari wako. Hakunieleza siri yako hata moja. Yule mama ana mdomo kama kufuli. Lakini amesema hatakugombeza, wala hatakuuliza ulikuwa wapi.

Na kuna sentensi imenikaa. Anasema kila mgonjwa, kabla hajatoka mlangoni kwake, humrudishia kwa maneno yake alichoelewa. Kila mgonjwa. Nimeisoma kazini, nimeisoma nyumbani, nimemsomea mke wangu akasema, "Sasa wewe unaniuliza mimi? Muulize dada yako."

Basi nakuuliza, na sikuulizi kwa ubaya. Siku ile aliposema limetulia, ulimrudishia nini?

Kasuku


26 Juni

Kasuku,

Nimemfukuza Kinyozi, kwa hiyo vumilia mistari inayopanda mlima. Naandika kwa kalamu nene ya kuwekea alama vitambaa, uso umekaribia karatasi mpaka nanusa wino.

Nilimwambia daktari hivi: "Limelala tu, halijapona. Nikiacha dawa litaamka." Akasema hivyo hivyo, akaniita mwanafunzi mzuri. Nilielewa, mdogo wangu. Nilielewa kabla sijashika kalamu kukuandikia, na nilipokuandikia nikaweka nusu ya kwanza, ya pili nikaiacha. Barua yako ilipokuja na methali yako ya aliyelala, nilijua umekosea, nikafurahi kama mtoto aliyeambiwa leo mwalimu haji.

Usianze kunifanya shujaa, ati shangazi katoa jicho kwa ajili ya gauni. Gauni ningelishona na sindano ningechomwa, kwani nani alinifunga kamba? Naiogopa ile sindano, basi. Mimi niliyezeeka na pini mdomoni. Wanakuwekea kitu cha kuzuia kope, halafu unaiona inakuja, na huwezi kufumba. Huwezi kufumba, Kasuku. Kila mara nilitoka pale blauzi imelowa, daktari akiuliza nasema ni joto. Hajui mpaka leo. Huniita jasiri wake.

Hilo ni kosa moja, na hilo limenila mwenyewe. Baya ni hili la pili. Ulipoandika "ni mimi", ningekukatalia siku ile ile. Nikasema nitamwambia barua ijayo. Lakini ikaja barua, ikaja nyingine, kila wiki, na paka wako na ua la jirani na mgongo wako. Zamani ulikuwa ukiniandikia unapotaka kitu kishonwe. Nikaona ukijua huna kosa utanyamaza tena. Kwa hiyo nikakuacha ubebe. Mwanao kalikunja gauni lake kwa ajili yangu, nikasomewa hilo, nikasema "usijilaumu sana". Sana! Nilipima hata neno la kukuachia hatia kidogo ibaki. Naona haya kuliko nilivyowahi kuona.

Wamenipa tarehe tisa Julai, sindano ya jicho la kulia. Likienda hili hakuna jingine. Nimewaambia nitafika. Nimeshasema nitafika mara nyingi, nawe unajua.

Ukinikasirikia una haki.

Dada yako


9 Julai, kwenye benchi la kliniki

Dada,

Umeingia sasa hivi, mlango umefungwa. Njiani hatukusemezana zaidi ya "angalia ngazi", kwa hiyo nakuandikia, ingawa kati yetu ni mlango tu. Naandika herufi kubwa.

Nina hasira. Nakuambia ili usidhani kwa kuwa nimekuja basi zimekwisha. Nilipomaliza barua yako niliitupa, nikaiokota, nikaitupa tena, mpaka mke wangu akasema, "Amua, karatasi imechoka." Tangu Aprili nililala na kuamka na jicho lako. Nilimliza mtoto wangu akiwa bado bibi harusi mpya. Nawe ulikuwa unajua, unaniuliza habari za paka.

Nimempa mwanangu barua aisome. Alisoma yote. Kisha akatoa gauni sandukuni akalipiga pasi, polepole, kila shanga. Akaniambia, "Mwambie shangazi namsalimia, na mwambie sijafurahi." Nimekuambia zote mbili.

Lakini lililonichoma zaidi si uongo wako. Ni kwamba nilikuwa nikiandika ninapotaka kitu kishonwe. Nilikaa nikatafuta barua moja ya kukukanusha. Nikakumbuka mapazia, nikakumbuka koti langu la kazini, kaptura za mwanangu alipokuwa mdogo, halafu gauni. Sikuipata. Miezi yote nimejipiga kifua kwa kosa ambalo halikuwa langu, na langu lenyewe limekaa hapo, sikuligusa. Ulikuwa peke yako na sindano ile kila mwezi na hakuna aliyekuuliza inauma wapi. Nisamehe, Dada. Hili safari hii ni langu kweli.

Hapa kwenye benchi kila mtu ametiwa matone, wamefumba macho, wanasubiri. Mzee wa kando yangu kaniuliza kama ni zamu yangu. Nimemwambia mimi ni msindikizaji tu, akasema, "Afadhali wewe."

Kabla mlango haujafungwa nilimsikia daktari akisema, "Karibu, jasiri wangu." Na wewe ukasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, "Mimi si jasiri, Daktari. Naogopa. Nimeogopa tangu siku ya kwanza." Kisha mlango. Sijui amekujibu nini. Nimesogea mwisho wa benchi, karibu na njia ya kutokea. Ukitoka mbio utanikuta mimi.

Muuguzi ametoka. Anauliza nani amekuja na fundi. Anasema daktari amesimamisha kazi kidogo, ameongeza dawa ya ganzi, na mgonjwa ameomba mtu wa kumshika mkono. Ameniambia ninawe mikono, nivae barakoa. Naacha kuandika.